Jumamosi ya Watu wa Mwaka wa Nne

Kessel Creek, Iowa
Jumatatu, 18 Novemba 1996

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, umgawie Mama zake, na za Bibi zimfikie palepale kwenye kiti chake karibu na jiko. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kinachoniuma ni miguu tu kwa baridi ya juzi. Nashukuru mlifika salama na ile theluji iliyoanza mlipokuwa mnaondoka haikuwasumbua njiani. Najua ardhi ikikauka kidogo utakuwa juu ya mashine unamalizia yale mahindi, na barua hii utaikuta mezani ukirudi umechoka. Kula kwanza, ndipo uisome. Mama alinipigia simu jana akasema umemtuma mara tatu aniulizie mkono. Nitaufikia mkono, ila nipe nafasi nianze na mengine.

Bibi naye alinikaba kwenye simu hiyohiyo akitaka kujua hasa kazi yangu uwanjani ni ipi, maana anachosikia ni kwamba naushika mpira halafu nauachia. Mwambie hajakosea. Nainama juu ya mpira wetu huu wenye umbo la yai, naupitisha katikati ya miguu kumpa Randy Sobotka, mrushaji wetu, kisha nasimama kati yake na yeyote anayetaka kumwangusha. Nikifanya vizuri hakuna anayenijua. Nikivurunda, uwanja mzima unalijua jina langu, na mtangazaji analitamka vibaya.

Matokeo yetu unayafahamu, kwa kuwa Mama alikuwa anayakata gazetini, lakini sikuwahi kukueleza tulivyoishi nayo. Tulikuja vijana arobaini na watatu mwaka wa kwanza, tukafungwa mechi zote kumi. Mwaka wa pili tukashinda moja, wa tatu tukashinda mbili, tukajiona mabingwa. Tulikuwa kichwa cha mwendawazimu cha ligi nzima. Mzee Pruitt wa duka la misumari pale mjini hakuwa anauliza kama tumeshinda; alikuwa anauliza, "Safari hii wamewapiga ngapi?" halafu anatupa peremende kama watoto waliotoka kuchomwa sindano. Wanafunzi wenzetu walikuwa wakija uwanjani na vitabu vyao wasome, na tukisogea yadi tatu wanasimama kuimba wimbo wa ushindi kwa kejeli. Tulizoea, lakini kuzoea si kupenda.

Watu waliacha mmoja mmoja. Huyu masomo yamembana, yule goti, mwingine mchumba wake kamwambia achague. Mwaka huu wa nne tumebaki tisa. Terrell Gaines wa Waterloo, mwenye mbio ambazo chuo chochote kingezitaka, nilimuuliza mwaka jana kwa nini hahami, akanijibu kwamba amekwisha kuaibika hapa, hana nguvu ya kwenda kuanza kuaibika upya kwa watu asiowajua. Duane Tebbe, yule bonge anayecheza kushoto kwangu, yeye anasema alibaki kwa ajili ya chakula cha bwenini, na hakuna aliyewahi kumwelewa.

Mwezi wa Agosti sisi tisa tulikaa chini kwenye chumba cha kubadilishia nguo tukakubaliana jambo moja. Hatutaki kombe, hatutaki kuandikwa gazetini. Tunataka sita. Mechi ni kumi. Ukishinda sita umeshinda zaidi ya ulizoshindwa, na hakuna mtu anayeweza kusema miaka yote minne ulikuwa unapoteza muda. Kocha Lundeen tulipomwambia alicheka, akasema hata yeye anazihitaji hizo sita kabla mke wake hajamhamishia Arizona.

Tukaanza kwa kufungwa tatu mfululizo. Ndipo kocha akaniweka benchi na nafasi yangu akampa Brent Matthiesen, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka kwa wafuga ng'ombe wa maziwa huko kaskazini, shingo yake na kichwa chake upana mmoja. Nilikuandikia Oktoba kukueleza, nawe ukajibu kwa kadi yenye maneno manne: Endelea kufanya mazoezi, mwanangu. Kadi hiyo ninayo. Nilinuna wiki moja, wiki ya pili nikachoka kununa, maana kijana ananizidi, na kila mwenye macho anaona. Tukaanza kushinda. Kati ya mechi sita tukachukua tano, na Mzee Pruitt akaanza kutuuliza tumewapiga wao ngapi. Ikabaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya Chuo cha Hollis. Tukishinda, tuna sita. Tukifungwa, ni tano kwa tano, na miaka minne imeisha hivyohivyo.

Sasa, kocha ana desturi aliyokuja nayo tangu siku ya kwanza. Mechi ya mwisho ya nyumbani, kila mtu wa mwaka wa nne anaanza, na anacheza nusu nzima ya kwanza, awe hodari awe gogo. Hata timu ikiwa inachapwa, hamtoi. Anasema mtu aliyekula vumbi miaka minne lazima wazazi wake wamwone uwanjani. Kwa hiyo hata mimi wa benchi nilikuwa nacheza. Ndiyo sababu nilikupigia simu, na wewe ambaye Jumamosi zako zote za mavuno ni za shamba, ambaye hukuwahi kuniona nikicheza hata dakika moja tangu nije chuoni, ukasema neno moja tu, kwamba unakuja. Nilikaa na ile simu mkononi baada ya wewe kukata. Nilifurahi sana, Baba, sitaki ufikiri vinginevyo.

Jumatatu ya wiki ile kocha alituwekea mkanda wa mechi ya mwaka jana na Hollis. Wana jitu moja pale katikati, Rusk, ambaye wenyewe wanamwita Trekta, na kazi yake ilikuwa kupita juu yangu. Alipita mara kumi na moja. Duane akaanza kuhesabu kwa sauti, na chumba kizima kikamfuata. Ilipofika ya saba akauliza, "Curt, hapo ulikuwa unamzuia au unamfungulia mlango?" Ya nane Terrell akadakia kwamba hapana, hapo nilikuwa namkaribisha kahawa. Nikacheka pamoja nao, maana ilikuwa kweli inachekesha. Ya tisa hakuna aliyehesabu. Ya tisa ndiyo Trekta alinipita akamwangukia Randy, na mfupa wa bega la Randy ukavunjika. Tulisikiliza mashine inavyozunguka, mpaka Randy mwenyewe akasema, "Endeleeni bwana, mimi nilishapona."

Tulipotoka nje alinikuta kwenye ngazi, akanishika shingo kama kawaida yake. Akasema, "Jumamosi tunaanza wote, mzee, kama siku ya kwanza. Acha lije hilo litrekta." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa unalipapasa lile bega, na nina hakika hakujua kama unapapasa.

Jumatano kwenye mazoezi niliangukia mkono, nikainuka nimeshika kifundo. Bi Ardith anayetutibu alikiminya huku na huku, akauliza hapa panauma, hapa je, nikamwambia hapo. Akanifunga bendeji nyeupe hadi vidoleni na kumwambia kocha kwamba sichezi. Kocha alinitazama kwa muda kidogo, akasema basi Brent ataanza. Alhamisi nikampigia Mama. Nilimwambia msijisumbue, mahindi bado yako shambani, na mimi nitakuwa nimesimama tu pembeni. Akaenda kukuuliza, akarudi kwenye simu akasema umejibu kwamba kama mtoto ni wa kusimama, basi utakuja kumwona amesimama.

Na mkaja. Saa nne za barabara mkaja. Sijakuona na koti lako la kanisani nje ya kanisa tangu mazishi ya Babu. Tulipotembea watatu, kama wote wa mwaka wa nne na wazazi wao, kutoka langoni hadi katikati ya uwanja, Mama na ua lake kifuani, mtangazaji akalivuruga jina letu la Kiholanzi kama nilivyokuambia, ukaninong'oneza kwamba anaonekana ni mtu asiyejua Kiholanzi wala Kiingereza. Nilicheka mpaka Duane nyuma yangu akaniuliza nina nini. Umati ulikuwa labda watu mia tisa, baridi inakata masikio, mvua ya barafu inakuja na kuondoka. Kwangu siku hiyo ilikuwa nzuri kuliko siku zote nilizovaa ile jezi.

Mechi uliiona, lakini wewe uliiona kwa juu, na sisi wa pembeni tunasikia wanavyosemezana. Mara ya tatu tu Brent alipomzuia, Trekta alisimama akaigeukia benchi yetu akapiga kelele, "Nipeni yule wa mwaka jana!" Duane akamjibu bila hata kugeuka, "Leo hayupo, acha ujumbe!" Brent aliinama juu ya mpira. Alisukumwa, akarudi, akasukumwa tena, akarudi. Randy alianguka mara mbili tu mchana kutwa, na mara zote mbili aliinuka mwenyewe.

Wakatutangulia kumi na saba kwa kumi na nne, zikabaki dakika nne. Nilikuwa nimesimama karibu na maji ya kunywa, roho juu. Randy akaanza kuwasogeza, yadi nane, yadi tano, Terrell akadaka moja akiwa hewani ambayo nadhani hata wewe ulipiga kelele, ingawa Mama anasema ulikohoa. Tukafika yadi moja kutoka kwenye mstari wao, na tumebakiwa na jaribio moja. Kila mtu aliyekuwa uwanjani pale alijua mpira utapita katikati, juu ya Trekta. Brent akautoa, akainuka chini ya yule mtu, akamlaza chali kwenye matope, na Randy akapita juu yao wote wawili akavuka mstari. Na mpira wa teke la nyongeza ukapita: ishirini na moja kwa kumi na saba. Sikumbuki nilifanya nini. Terrell anadai nilimbusu Bi Ardith.

Hollis wakajaribu, Terrell na wenzake wakawapokonya. Zikabaki sekunde thelathini na moja, mpira wetu. Hapo hakuna hata mtu wa kuzuia. Unautoa mpira, Randy anapiga goti, saa inaisha. Kocha akanigeukia akaniuliza kama mkono unaweza kuvumilia mara moja tu, hii ya mwisho. Nikatazama juu nikakuona umesimama, kofia umeivua na mvua inakunyeshea kichwani. Nikatikisa kichwa kwamba hauwezi. Brent akaingia, akautoa, Randy akapiga goti, na tukawa na sita.

Yaliyofuata mliyaona: Mzee Pruitt analia kama mtoto mchanga, wale wa vitabu wameingia uwanjani wanaimba wimbo wa ushindi, safari hii bila kejeli, na Duane amelala kifudifudi kwenye matope anakataa kuinuka. Sisi tisa tulikumbatiana katikati ya uwanja mpaka taa zikazimwa kwa kutukumbusha twende. Randy alinivuta sikio akasema, "Tumeondoka na zetu sita, mzee." Nina furaha, Baba. Leo ni siku ya tatu na bado nikiamka asubuhi nahesabu mpaka sita kabla sijavaa viatu.

Leo mchana tumerudisha vifaa. Mimi na Duane tulikuwa tunabeba sanduku la helmeti kwenda stoo ya juu, nimelishika kwa mikono yote miwili, bendeji nimeitupa tangu asubuhi. Kocha alikuwa amesimama juu ya ngazi. Alimsubiri Duane apite, akaniambia kwamba anaona mkono umepona haraka. Hakunishukuru wala hakunikaripia. Aliuliza swali moja, kama baba yangu anajua. Nikasema hajui. Akasema, "Yule mzee kaacha mahindi shambani kuja kukuona. Mwandikie leo, siyo kesho."

Baba, mkono haukuumia. Nilianguka makusudi, nikashika kifundo makusudi, na Bi Ardith alipobonyeza nilimchagulia mahali pa kuumia. Nilimdanganya yeye, nikamdanganya kocha na wenzangu wanane, na wewe na Mama nikawadanganya kwa simu.

Nilifanya hivyo kwa sababu desturi ya kocha haina msamaha. Angeniacha pale nusu nzima hata Trekta angenipita mara ishirini, na ningemwomba anitoe asingenitoa, na ningemwambia sitaki kuanza angesema wazazi wangu wanakuja. Nililiona lile bega la Randy kwenye ule mkanda. Niliiona ile sita. Sikuiona njia nyingine. Labda ipo, na mtu mwenye akili zaidi angeipata. Labda hata tungeshinda mimi nikiwa ndani. Hilo sitalijua mpaka nakufa. Ningerudishwa Jumatano ile ningeanguka tena, nakwambia kweli, kwa hiyo kwa timu sina majuto.

Majuto yangu ni kwako tu. Ile ya mwisho, ya sekunde thelathini na moja, ningeweza kuitoa nikiwa nimefumba macho. Ilikuwa ni kusema tu ndiyo, unajikaza, mkono utavumilia. Lakini niliogopa kwamba nikiutoa vizuri watajua, na nikiutoa vibaya tutakufa pale mlangoni, nikakuacha umesimama kwenye mvua bila kuniona hata mara moja. Miaka minne ulikuwa unasubiri, na aliyekunyima hakuwa Brent wala mvua wala mahindi. Ni mimi.

Na kuna lile la hotelini, tulipokwenda kula baada ya mechi. Nyama ilipokuja, uliivuta sahani yangu, ukaikata yote vipande vidogo vidogo, ukairudisha mbele yangu, ukaendelea kumwambia baba yake Terrell habari za bei ya soya. Nina miaka ishirini na miwili. Nikaila kwa uma mmoja, kwa mkono wa kushoto, kipande kimoja kimoja, na mkono wangu mzima nimeuweka mapajani chini ya meza. Sijawahi kula kitu kigumu hivyo kumeza. Nisamehe. Ukikasirika ni haki yako, na ukitaka kunisema mbele ya Mama na Bibi, nisemwe.

Wiki ijayo Alhamisi, siku ya Shukrani, nitakuwa nyumbani. Nimemwomba kocha mpira mmoja mchakavu, amenipa. Kabla hatujakaa kula batamzinga, naomba utoke nami nyuma ya ghala la mahindi, usimame hatua kumi na tano nyuma yangu, uweke mikono kifuani. Vaa glovu, maana unakuja kwa kasi. Nitainama nikutolee mmoja, halafu mwingine, mpaka wewe useme basi.

Msalimie Bibi, mwambie Mama asinitetee kwako. Nakutakia ardhi kavu na mavuno mema yaliyobaki.

Mimi mwanao anayekupenda,

Curt Dykhuis